Napanda bila shida, kushuka ndiko kunakoniua magoti. Niache milima?

*"Nina miaka 47, ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Mwanga hapa Kigoma. Mwaka jana niligundulika na presha. Natumia amlodipini na hidroklorothiazidi, na daktari akasisitiza nitembee na nipunguze uzito, nina kilo 84. Tumejikusanya wanawake wanne. Kila Jumamosi saa mbili asubuhi tunatoka nyumbani, tunashuka kwa njia za miguu hadi ziwani upande wa Katonga, tunapumzika, halafu tunarudi kwa miguu kupitia vilimani. Kupanda nahema tu, siumwi. Kushuka ndiko kunakonimaliza: goti la kulia linauma kwa mbele, la kushoto kidogo, na Jumatatu siwezi kushuka ngazi za shule bila kushika ukuta. Jumamosi iliyopita tulipofika juu nilishikwa na kizunguzungu hadi nikakaa chini. Dada yangu anasema mafuta ya magoti yamekwisha, niache milima nile bamia. Jirani ameniletea diklofenaki nimeze kabla ya kutoka. Desemba tumepanga kwenda Gombe kuona sokwe. Niache au niendelee?"*

Mwalimu, usiache. Unachofanya ndicho alichokuagiza daktari, na goti linalouma kwa namna uliyoieleza si goti la kufungiwa ndani. Ila matembezi yenu mmeyapanga kinyumenyume. Hilo nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ndimo jibu lilimo, halafu nitarudi kwenye kizunguzungu, ambacho kwa kweli kinanipa wasiwasi kuliko magoti yako yote mawili.

Tuangalie kwanza mji wetu ulivyokaa. Mtu wa Moshi au Morogoro akienda mlimani anaanzia chini. Anapanda asubuhi akiwa na nguvu, na anapoanza kushuka mwili umeshapata moto. Sisi wa Mwanga mlima wetu umepinduliwa: nyumba iko juu, ziwa liko chini. Ukifunga mlango tu umeshaanza kushuka, misuli bado ina usingizi, na kazi ya kwanza unayoipa ndiyo ngumu kuliko zote. Mkifika Katonga mnakaa, mnapiga picha, mnaulizia bei ya migebuka (nawajua), miili inapoa. Ndipo mnaanza kupanda, saa imeshagonga tano.

Na saa ya Kigoma ina ujanja wake. Tunatumia saa moja na Dar es Salaam, lakini tuko mbali magharibi kiasi kwamba jua linachomoza na kuzama kwetu karibu dakika 40 baada ya kwao. Jua la utosini hapa si saa sita, ni kama saa saba. Ndiyo maana saa mbili inaonekana bado alfajiri na mnadhani mna asubuhi ndefu mbele yenu. Kumbe saa tano mnapoanza kupanda ndipo linapokaza, na litakaza hadi saa tisa.

Sasa goti. Wengi hudhani kupanda ndiyo kazi na kushuka ni mapumziko, kwa sababu wanapima kwa pumzi. Ni kweli moyo na mapafu hupumzika unaposhuka. Misuli haipumziki. Fikiria unateka maji kisimani. Kuvuta ndoo iliyojaa kunachosha mikono, basi. Lakini ishushe ndoo iliyojaa, polepole, kamba ikipita kiganjani huku unaizuia isiporomoke, uone ngozi inavyoungua. Msuli wa mbele wa paja nao uko hivyo. Unapopanda unajikaza na kuwa mfupi, unausukuma mwili juu. Unaposhuka unashika breki huku unavutwa na kurefuka, hatua baada ya hatua, mara elfu kadhaa mpaka ziwani. Nyuzi za msuli usiozoea kazi hiyo hupata michubuko midogo isiyoonekana kwa macho, mwili ukaanza kuikarabati, na ukarabati huo ndio unaouma. Haumi siku hiyo hiyo. Unaanza kesho yake, unafika kilele siku ya pili au ya tatu. Hesabu kutoka Jumamosi: Jumatatu, kwenye ngazi za shule.

Nalijua hilo kwa mapaja yangu mwenyewe. Nimekulia Tabora, ambako ardhi imelala kama mkeka na mtu anaweza kutembea kutwa nzima bila goti kuonja mteremko. Wiki yangu ya kwanza Kigoma nikajitia ujana, nikashuka mbio kilima kimoja upande wa Bangwe ili niwahi jua kabla halijazama nyuma ya milima ya Kongo. Siku mbili baadaye mtaalamu wa viungo, yaani mimi huyu, mwenye cheti chake ukutani, alikuwa anashuka ngazi za kazini kinyumenyume, amekumbatia reli, na wagonjwa wake wamekaa kwenye benchi wanamtazama.

Hayo ni maumivu ya nyama ya paja, na hayana madhara. Maumivu yako ya mbele ya goti ni jambo la pili, japo yanatoka kwenye mteremko huo huo. Pia ya goti, kile kifupa cha mviringo unachokigusa mbele, hukaa ndani ya kano ya msuli wa paja kama gurudumu la kapi, na huteleza kwenye mfereji ulioko mwisho wa mfupa wa paja. Kadiri goti linavyokunjwa likiwa limebeba mzigo, ndivyo pia inavyogandamizwa kwenye mfereji huo. Kwenye ngazi mgandamizo huo hufika kama mara tatu ya uzito wa mwili. Kwa kilo zako 84 hizo ni kilo 250, kwenye eneo dogo kuliko kiganja cha mtoto. Hatua ikiwa ndefu na goti likakunjwa zaidi, hupita hapo. Msuli wa paja ukishachoka kushika breki, kazi inaangukia kwenye kiungo chenyewe. Ndiyo maana nina hakika kubwa kwamba goti lako haliumi hatua mia za kwanza. Linaanza katikati ya mteremko na kuzidi mwishoni. Nikikosea hapo, niambie, maana jibu langu litabadilika.

Kuna kipimo kidogo cha nyumbani. Bonyeza nyama ya paja kwa vidole Jumatatu: ikiuma, ni ile michubuko. Kisha kumbuka mara ya mwisho ulipokaa muda mrefu magoti yamekunjwa, kwenye kikao cha walimu au kwenye basi la Kasulu. Kama goti lilibana kwa mbele na ukatamani kunyoosha mguu, basi ni pia ya goti inayolalamika kuzidiwa. Ni tatizo la kawaida sana na lina dawa, na dawa yake haiuzwi kwenye chupa.

Kwa dada yako nasema hivi, kwa heshima. Ndani ya goti hakuna mafuta yanayopungua kama injini ya bodaboda. Kuna ute, unaotengenezwa kila siku na utando unaozunguka kiungo. Bamia ina ulenda wake mzuri, lakini ukifika tumboni unasagwa kama chakula kingine. Hakuna njia inayoutoa kwenye sahani na kuupeleka gotini. Supu ya kongoro vivyo hivyo. Kibaya zaidi kwa nadharia hiyo, magoti yaliyochakaa kweli mara nyingi hujaa maji kupita kiasi, hayakauki. Na gegedu, ule mpira laini unaofunika ncha za mifupa, hauna mishipa ya damu. Hupata chakula chake kwa kukamuliwa na kuachiwa, kama sifongo, kila unapokanyaga na kunyanyua mguu. Goti lisilotembezwa linakosa chakula. Kwa hiyo ushauri wa kukaa chini ili kuyatunza magoti unafanya kinyume cha kinachokusudiwa. Bamia kula, ni mboga. Na anayekuchua kwa mawese mwache achue kama unajisikia vizuri. Joto na mkono vinasaidia, mafuta yenyewe hayapiti hadi kwenye kiungo.

Mtu akikushauri upige eksirei kwanza, usiwe na haraka. Katika umri wetu picha nyingi huonyesha vijipembe vya mfupa hata kwa watu wasioumwa chochote, na nimeona wengi wakiacha kutembea kwa sababu ya karatasi, wakati goti lenyewe halikuwa limewakataza.

Basi ushauri wangu mkuu: kwa wiki 6 zijazo, shukeni kwa daladala au bajaji, pandeni kwa miguu. Najua litawachekesha, watu wazima wanne kupanda gari kwenda kuanza mazoezi. Lakini angalia unachopata. Moyo na presha vinanufaika na kule kupanda, ambako ndiko kunakokuhemesha. Magoti yanasamehewa ile kazi ya breki. Na mnapanda asubuhi kabisa, miili mibichi, jua likiwa bado nyuma ya vilima. Mkitoka na gari saa kumi na mbili na nusu mtakuwa mmerudi Mwanga saa tatu. Kule vilimani ambako njia inashuka kidogo kabla ya kupanda tena, hapo shukeni, msiogope. Hicho ni kipimo kidogo na kinatosha kwa kuanzia.

Sitaki uache kushuka moja kwa moja. Msuli una kumbukumbu: ukiushusha mteremko mfupi mara moja, kwa majuma kadhaa unakuwa umejikinga, na mteremko unaofuata hauuchubui kama wa kwanza. Kwa hiyo kuanzia wiki ya tatu ongezeni kipande cha kushuka, dakika 10, tena mwishoni mwa matembezi, mwili ukiwa na moto. Wiki inayofuata 15. Jumatatu ndiyo itakayokupa alama. Ukishuka ngazi za shule bila ukuta, ongeza. Ukihitaji ukuta, rudia kipimo kile kile.

Namna ya kushuka nayo ina sanaa yake. Tazama vilima vyetu: udongo mgumu kama sakafu, juu yake changarawe zinazobingirika kama shanga. Mtu akiogopa kuteleza hujilaza nyuma na kurusha kisigino mbele, goti limenyooka. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kukalia makalio, na kila kisigino kinapotua kishindo chake kinakwenda moja kwa moja kwenye goti. Fanya kinyume. Kifua kielekee mbele kidogo, juu ya miguu. Goti lilegezwe kidogo kabla mguu haujatua. Unyayo wote uguse ardhi kwa pamoja. Na hatua ziwe fupi, fupi kuliko unavyodhani ni lazima, kama mtu aliyevaa kitenge kilichobana. Penye mteremko mkali katiza kwa upinde, kulia na kushoto, usishuke kama maji ya mvua. Mwenye haraka mwacheni atangulie.

Chukua na fimbo mbili. Moja ni bora kuliko hakuna, lakini mbili zinagawana mzigo sawasawa. Vipimo vilivyofanywa kwa watu wanaoshuka mteremko vimeonyesha fimbo mbili zikitumika vizuri zinaweza kupunguza mzigo wa goti hadi kiasi cha robo. Huna haja ya zile za dukani. Mianzi miwili inatosha, urefu wake ukiishika wima kiwiko kikunjike kama pembe ya daftari; kwa kushuka irefushe kidogo, maana unaichomeka chini yako. Ichomeke kabla mguu haujatua, si baada. Faida ya ziada ni kwamba unapekua nyasi mbele yako. Nyoka wengi wakihisi vishindo huondoka, lakini kifutu hulala palepale akitegemea hutamwona.

Viatu sitaviongelea sana, ila viwili vitatu. Kandambili na yeboyebo ziache nyumbani. Raba za mtumba zinafaa kabisa, lakini kabla ya kulipa ikunje soli kwa nguvu na uivute pembeni: gundi ya kiatu kilichokaa miaka stoo huoza, na soli hubanduka siku unayoihitaji. Yangu ilibanduka njiani, nikaifunga kwa kamba yake mwenyewe na kurudi mjini kiatu kikipiga makofi. Na ufunge kamba kwa nguvu karibu na kifundo, ili mguu usiteleze mbele na vidole kugonga ncha ya kiatu unaposhuka. Kucha nyeusi hutoka hapo.

Nyumbani fanya zoezi moja tu kwa makini, ni bora kuliko kumi kwa kubahatisha. Simama juu ya tofali lililolala vizuri, au ngazi ya chini kabisa pale shuleni, mguu wa kulia juu, wa kushoto ukining'inia pembeni. Shika ukuta kwa kidole kimoja. Kunja goti la kulia polepole, ukihesabu hadi nne, mpaka kisigino cha kushoto kiguse ardhi kidogo, kama unapima maji ya moto. Rudi juu. Mara 8, pumzika, rudia mzunguko wa pili na wa tatu, kisha mguu mwingine. Siku moja ndiyo, siku moja hapana. Mwambie mwenzako akurekodi kwa simu akiwa mbele yako, halafu tazama goti linakwenda wapi. Likikimbilia ndani, kuelekea goti lenzake, umeona chanzo kimoja cha tatizo lako: misuli ya nyonga na makalio imelala. Lielekeze goti juu ya kidole cha pili cha mguu, hata kama itabidi ushuke nusu tu. Maumivu madogo yanaruhusiwa. Ukiyapa alama kati ya 0 na 10, hadi 3 endelea, mradi kesho yake asubuhi yawe yametulia. Yakizidi, punguza kina, usiache. Mabadiliko hayaji wiki ya kwanza. Jipe wiki 6, wengine 12.

Kuhusu uzito sitakuhubiria, umeshahubiriwa na daktari. Nikuongezee hesabu moja tu inayowapa watu moyo: utafiti kwa watu wazima wenye uzito mkubwa na magoti yaliyochakaa ulionyesha kwamba kila kilo moja waliyopunguza iliondoa kiasi cha kilo 4 za mzigo gotini kwa kila hatua. Kilo 3 tu, goti linatua mzigo wa kilo 12. Huhitaji kufikia umbo la harusi yako ndipo unufaike.

Sasa kizunguzungu. Hapa nataka unisome taratibu.

Amlodipini inalegeza na kupanua mishipa ya damu. Hidroklorothiazidi inakukojoza, inatoa maji na chumvi. Zote mbili ni dawa nzuri na zinafanya kazi yake. Ongeza jua la saa tano, jasho, na mlima. Unapopanda, mishipa ya miguu imefunguka wazi kupokea damu, na misuli ya vigimbi ndiyo inayoisukuma kurudi juu kila unapokanyaga. Ukifika kileleni ukasimama ghafla, pampu hiyo inazimika. Damu inabaki miguuni, presha inashuka, ubongo unapungukiwa kwa sekunde kadhaa, dunia inazunguka. Hayo ndiyo maelezo ninayoyaona yanaelekea zaidi. Kwa hiyo ukifika juu usisimame. Tembea taratibu dakika 5 mahali tambarare. Panda kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima na wenzako. Ukishikwa tena, kaa au lala, inua miguu, usijikaze kwa aibu.

Maji kunywa kwa kiu, kidogo kidogo, kama nusu lita kwa saa kwenye joto. Usijimwagie lita 3 kabla ya kutoka, kwa mtu anayetumia dawa ya kukojoza hilo lina hatari yake, linaweza kuzimua chumvi ya damu kupita kiasi. Wala usijiongezee chumvi kwenye maji bila kumuuliza daktari, una presha.

Lakini maelezo yanayoelekea si uthibitisho. Sukari, upungufu wa damu, potasiamu iliyoshushwa na dawa, na mapigo ya moyo yasiyo sawa, vyote huleta kizunguzungu hicho hicho, na mimi nikiwa huku siwezi kuvitofautisha. Wiki hii, kabla ya matembezi mengine, rudi kwa daktari wako. Omba upimwe presha ukiwa umekaa, kisha baada ya kusimama. Omba kipimo cha damu, sukari na potasiamu. Mwambie saa unayomeza dawa na saa unayotoka kutembea. Huenda akabadilisha dozi, huenda akasogeza muda tu. Wewe usiache dawa kwa uamuzi wako.

Na diklofenaki ya jirani mrudishie kwa shukrani. Kwa wewe hasa, nasema hapana. Inapandisha presha, inabana mishipa ya figo, na figo zenyewe tayari zimepungukiwa maji kwa ile dawa ya kukojoza na jasho. Juu ya hayo, ukiimeza kabla ya kutoka, goti linanyamazishwa wakati ambapo ndilo linalokuambia hatua ziwe fupi. Sindano yake ni dawa ile ile. Ile ya kupaka huingia kwenye damu kidogo sana ukilinganisha na kidonge. Ukiona ni lazima, itaje kwa daktari siku hiyo hiyo ya presha. Kuhusu kuloweka magoti ziwani baada ya matembezi, kama wengi wanavyofanya: maji yetu ni ya nyuzi 25 na zaidi, si barafu, hayatapoza sana, na kwenye fukwe zenye watu na majani kuna kichocho.

Kuna hali ambazo hazingoji jibu la kuandikiwa. Maumivu au mgandamizo wa kifua unapopanda, unaotulia ukipumzika: hiyo ni hospitali, siku hiyo hiyo, mlima baadaye. Goti jekundu, la moto, lenye homa, vivyo hivyo. Kigimbi kimoja kikivimba na kuuma, au ukianguka ukashindwa kukanyaga hatua nne, usisubiri. Goti linalokwama lisikunjuke, linalokuacha ghafla kama limekatika, au linalovimba kila baada ya matembezi, halina haraka kiasi hicho lakini linataka kushikwa kwa mikono: nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, uulizie fiziotherapia. Ukiona vifundo vyote viwili vimevimba jioni, usilaumu magoti; amlodipini ina tabia hiyo, mwambie daktari. Na kama vidole vya mikono navyo vinavimba na asubuhi unakakamaa zaidi ya saa nzima, hiyo ni habari nyingine kabisa, si ya milima.

Gombe nimeiacha mwisho kwa sababu najua ndiyo iliyo moyoni. Kule angalau mlima uko sawasawa: unaanzia ufukweni, unapanda, unamalizia kwa kushuka. Ila ni kupanda na kushuka kwelikweli. Hifadhi ni ukanda mwembamba, ardhi inatoka usawa wa ziwa, kama mita 770, hadi mgongo wa mlima unaopita mita 1,500, kwa umbali mfupi, ndani ya mabonde makali. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipofika Julai 1960 alikuwa na miaka 26, na mabonde hayo hayo yalimtoa jasho. Shida si njia tu. Sokwe hawafuati njia. Mkifika mnaongozana na mwongozaji hadi walipo, na wakiamua kwenda mgongoni mnakwenda, kisha mnashuka kwa udongo uliolowa. Kwa upande mwingine, msimu wa mvua huwa hawazururi mbali sana, kwa hiyo huenda msiwafuate sana. Ni bahati nasibu ambayo magoti yako Desemba hayajajiandaa kuicheza.

Mimi ningesogeza safari hadi Julai au Agosti, njia zikiwa kavu na wewe ukiwa na miezi ya zoezi la tofali. Kama wenzako wameshalipia, nenda nao, lakini mwambieni mwongozaji mapema, pale pale mnaposhuka botini, kwamba mmoja wenu ana magoti. Wewe unaweza kutembea bonde la Kakombe hadi kwenye maporomoko, na ufukweni, ukarudi umeridhika. Ukiwa na mafua usiende kabisa, hata kama magoti yako sawa. Mafua yetu madogo huua sokwe.

Jumamosi hii, basi, kama daktari atakuwa ameshakuona na kukuruhusu: gari la kwenda Katonga saa kumi na mbili na nusu, mianzi miwili, chupa ya maji, kofia. Mkikuta bado kuna kiza msishangae, jua la hapa huchelewa. Mkifika Mwanga zungukeni uwanjani dakika 5 kabla ya kukaa. Migebuka mnunue kule chini, mmoja wenu arudi nayo na bajaji.